Mvua ya bustanini kwangu: shajara ya rada na kipimamvua

21 Aprili

Swali lenyewe ni dogo: jana zilinyesha milimita ngapi juu ya nyanya zangu?

Bustani tunayokodi iko upande wa pili wa Leipzig, dakika arobaini kwa baiskeli, nami ni mtu wa zamu. Mwaka jana mara nyingi nililala nikisikia mvua inapiga dirishani, nikajisemea kesho sina haja ya kwenda kumwagilia. Siku ya pili yake nafika nakuta vumbi, na sukuma wiki zimelegea kama nguo zilizoanikwa. Siku nyingine nimekanyaga baiskeli kwa jasho hadi huko, kumbe udongo umelowa chapachapa na konokono wanafanya mkutano. Mvua za kiangazi huku ni za mtaa kwa mtaa.

Kipimamvua peke yake hakinitoshi, maana ili nikisome lazima niende, na shida yangu ndiyo hiyo hiyo ya kwenda. Vituo rasmi vilivyo karibu ni cha Holzhausen na cha uwanja wa ndege wa Leipzig/Halle. Vyote viwili vinapima vizuri, ila vinapima mvua ya Holzhausen na mvua ya uwanja wa ndege. Ndipo nikaifikiria rada. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, Deutscher Wetterdienst (nitaandika DWD), ina rada 17 za mvua zilizotawanywa nchi nzima, na tangu sheria yao ilipobadilishwa mwaka 2017 sehemu kubwa ya data zao iko wazi kwa yeyote. Kila dakika 5 picha mpya, pikseli moja kilomita 1 kwa kilomita 1. Bustani yangu ni mita za mraba 200 na kitu. Pikseli moja inaimeza na majirani wote na kituo cha tramu juu yake. Si haba.

Mpango: nichukue rada, niirekebishe kwa vipimamvua vya vituo rasmi, halafu nilinganishe na kipimamvua changu. Changu hakitaingia kwenye hesabu. Hicho ni shahidi tu, na shahidi hapangwi na mshtaki.

27 Aprili

Wiki nzima imeishia kwenye kufungua faili.

Mfumo wao wa kuunganisha rada na vituo unaitwa RADOLAN, unafanya kazi tangu 2005. Faili lake huanza na maneno machache ya kusomeka: aina ya data, siku, saa, usahihi wa namba, vifupisho vya rada zilizoshiriki. Kisha inakuja baiti moja yenye thamani 3, alama ya kwamba maandishi yameisha, na baada yake namba tupu, mistari 900 ya pikseli 900, baiti mbili kila pikseli. Ukizidisha ni baiti 1,620,000. Nilizihesabu mara ya kwanza zikatimia, nikajiona fundi.

Picha ya kwanza ilionyesha mvua ya milimita 1,069.2 ndani ya saa moja. Leipzig haipati hata milimita 700 kwa mwaka wa kawaida. Tena haikuwa pikseli moja, ilikuwa Poland yote inayoonekana kwenye ramani, na kipande kikubwa cha Bahari ya Kaskazini. Nilitazama kile kiza cha bluu nikacheka peke yangu jikoni.

Kisa chake: kati ya biti 16 za kila pikseli, 12 za chini ndizo kiasi cha mvua. Nne za juu ni alama tu. Biti ya 14 ikiwaka maana yake hapa hakuna rada inayofika, na kiasi huandikwa 2500 kwa desturi. Mimi nilizisoma zote kama namba moja, 8,192 ongeza 2,500, yaani 10,692, ambayo kwa sehemu za kumi za milimita ni hiyo 1,069.2. Nimeweka kichujio cha alama kwanza, kiasi baadaye.

Kosa la pili lilinichukua siku mbili zaidi. Ramani ilikuwa imepinduka. Mstari wa kwanza wa faili ni wa kusini, mimi niliuweka juu kama picha ya kawaida, hivyo milima ya Alpi ikawa upande wa Denmark. Ningeligundua mapema kama ningechora mipaka ya nchi, lakini nilikuwa na haraka ya kuona mvua. Kupindua ni mstari mmoja wa msimbo.

3 Mei

Nimepata pikseli yangu. Ramani yao ni ya duara ya dunia iliyolazwa bapa ikitazamwa kutoka ncha ya kaskazini, kati yake ni longitudo nyuzi 10 mashariki, na radiasi ya dunia wanayoitumia ni kilomita 6,370.04. Ukitumia radiasi nyingine unayoijua wewe, bustani inahama kimyakimya. Yangu ilihamia kwanza kwenye ziwa.

4 Mei, usiku

Nimempigia baba, Korogwe. Nilikuwa nataka tu kumsalimu, lakini alipouliza nafanya nini nikamweleza. Nisingefanya hivyo kama nilitaka kulala mapema.

Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Katika kazi zake nyingi moja ilikuwa kipimamvua, kile cha shaba cha inchi 5, mdomo wake futi moja kutoka ardhini, ndani ya uzio wa waya ili mbuzi wasikiangushe. Kila siku saa tatu asubuhi, masika, vuli, kiangazi, Idi, Krismasi. Alikuwa na utaratibu wa maneno matatu na alitufundisha wanawe kabla hatujajua kusoma: soma, andika, mwaga.

"Chako umekiweka juu kiasi gani?"

Nikamwambia mita moja, ndivyo wanavyofanya huku.

"Mita moja! Upepo utakuibia mwanangu. Unapita juu ya mdomo unayachukua matone kabla hayajaingia."

Nikasema baba, huku theluji huanguka, kikiwa chini kinafunikwa. Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini ujue unaibiwa."

Yuko sahihi. Kipimamvua kikipandishwa juu upepo hupunguza kinachoingia, na hilo halina mjadala. Nimeandika kwenye daftari la mradi: shahidi wangu anasema ukweli, ila sauti yake ni ya chini kidogo.

11 Mei

Nina vipimamvua viwili sasa. Kimoja cha plastiki cha kusoma kwa macho. Kingine ni cha kituo kidogo cha hali ya hewa nilichoagiza mtandaoni: faneli juu, chini yake vikombe viwili vidogo vilivyokaa kwenye mhimili kama bembea ya watoto. Maji yanajaza kimoja, kinapinduka, kinamwaga, cha pili kinakaa mahali pake. Kila mpinduko ni milimita 0.2, na kifaa kinahesabu mipinduko.

Nilikijaribu mezani. Faneli ina kipenyo cha sentimita 11, eneo sentimita za mraba 95, kwa hiyo mililita 190 za maji ni sawa na milimita 20 za mvua na nilitegemea mipinduko 100. Nilitoboa chupa ya maji kwa sindano ya kushonea, nikaining'iniza juu ya faneli kwa uzi, tone, tone, tone. Ilichukua karibu saa nzima. Mke wangu alipita mara tatu bila kuuliza. Nikapata mipinduko 93. Nilipotoboa tundu la pili na la tatu ili maji yaende kasi, ikawa 84. Sababu unaiona kwa macho ukiinama: wakati kikombe kinapinduka, maji hayasubiri. Yanaendelea kudondokea kikombe ambacho tayari kimejaa na kiko njiani. Mvua ikiwa kubwa wizi huo unakuwa mkubwa, na mvua kubwa ndiyo ninayoitaka.

Basi cha vikombe nitakitumia kujua lini ilinyesha, cha plastiki kujua kiasi gani.

19 Mei

Mvua ya baridi, nyembamba, ya kutwa nzima. Rada inasema 14, cha plastiki kinasema 8.5. Nilikaa kutafuta kosa kwenye msimbo nikakosa.

Jibu liko angani. Leipzig imekaa vibaya kwa rada: ya Dresden iko kilomita 100 hivi, ya Ummendorf upande wa Magdeburg zaidi ya 120, ya Neuhaus kule kwenye milima ya Thuringia vilevile. Mwali wa rada hauendi sambamba na ardhi. Ukiinuliwa nyuzi 0.8 tu, kwa kilomita 100 unakuwa juu yetu kwa kilomita 2, kwa sababu ya huo mwinuko na kwa sababu dunia yenyewe inajikunja chini yake. Na mwali wenye upana wa nyuzi moja umeshatanuka kufikia kilomita moja na robo tatu. Kwa hiyo rada haitazami mvua ya bustanini. Inatazama kilichoko kilomita 2 juu ya bustani, na siku ya baridi kama leo pale juu ndipo theluji inapoyeyuka. Chembe ya theluji iliyoanza kuyeyuka ina ganda la maji nje na bado ni kubwa, kwa rada inaonekana kama tone nene ajabu. Mwangwi unaruka, hesabu inafura, chini yanafika manyunyu.

Tena matone yanachukua muda kushuka. Yakianguka kwa mita 6 kwa sekunde kutoka kilomita 2 ni zaidi ya dakika 5, na upepo wa mita 10 kwa sekunde unayasukuma kilomita 3 kando. Pikseli tatu! Nimeacha kuing'ang'ania pikseli yangu peke yake. Natumia wastani wa tisa, yangu na nane zinazoizunguka.

2 Juni

Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitaikalia.

Rada haipimi maji. Inatuma mawimbi ya redio, urefu wa wimbi sentimita 5 na kidogo kwa rada za huku, na kupima nguvu ya mwangwi unaorudi. Mwangwi wa tone moja unategemea kipenyo chake kikipandishwa hadi kipeo cha sita. Maji yaliyomo yanategemea kipeo cha tatu. Chukua tone la milimita 1 na tone la milimita 2: la pili lina maji mara 8, lakini mwangwi wake ni mara 64. Matone makubwa machache na matone madogo mengi yanaweza kutoa mwangwi ule ule na maji tofauti kabisa. Kila anayegeuza rada kuwa milimita anabahatisha ukubwa wa matone, hata kama anabahatisha kisomi.

Marshall na Palmer wa Kanada ndio wanaopewa jina la kanuni maarufu kupita zote: Z ni sawa na 200 mara R kwa kipeo 1.6, Z ikiwa mwangwi na R ikiwa milimita kwa saa. DWD kwa miaka mingi wametumia 256 na 1.42. Wamarekani, kwa mvua za kitropiki, wana 250 na 1.2. Nilichukua mwangwi mmoja, 40 dBZ (dBZ ni Z ikiandikwa kwa desibeli, 40 ni Z ya 10,000), mvua nzito ya kawaida ambayo ungekimbilia chini ya baraza, nikazipitisha kanuni zote tatu:

Marshall na Palmer: milimita 11.5 kwa saa.
DWD: 13.2.
Ya kitropiki: 21.6.

Mwangwi ule ule. Tofauti ni matone. Mvua ya kitropiki hujengwa na matone ya wastani mengi mno, yametokana na maji tangu mwanzo badala ya barafu, hivyo mwangwi mdogo unaficha maji mengi. Nilimfikiria baba na masika yake: angepewa programu yangu ya Leipzig jinsi ilivyo, ingempunja karibu asilimia 40 ya mvua.

Kwenye 55 dBZ mambo yanaharibika upande wa pili. Kanuni ya DWD inatoa milimita 150 kwa saa, na mara nyingi mwangwi wa namna hiyo huku si maji bali mvua ya mawe. Nimeweka kikomo: chochote kinachozidi 53 dBZ nakihesabu kama 53.

15 Juni

Marekebisho kwa vituo yameanza kufanya kazi. Utaratibu: kila saa nachukua vituo vyote vya DWD vilivyo ndani ya kilomita 50, nagawa mvua ya kituo kwa mvua ya rada juu ya kituo kile, napata uwiano. Rada ikizidisha uwiano uko chini ya 1, ikipunguza uko juu. Kisha naipa bustani wastani wa uwiano huo, kituo cha karibu kikiwa na sauti kubwa kuliko cha mbali. Kituo chenye mvua chini ya milimita 0.5 hakipigi kura, na uwiano wowote unaopita 4 au kushuka chini ya robo naukata pale pale, kwa sababu kugawa kwa namba ndogo kumeshanipa bustani yenye maji ya kutosha kufuga kambale.

23 Juni

Aibu ya mwezi.

Tangu katikati ya Mei nilikuwa naona jambo la ajabu: jumla za siku zinakubaliana kidogo, lakini saa kwa saa hakuna uhusiano wowote. Rada inaona mvua wakati daftari liko kavu, daftari linaandika mvua kubwa wakati anga la rada ni jeupe. Nilibadilisha uzito wa vituo. Nikabadilisha kanuni ya Z na R. Nikapanua pikseli tisa zikawa ishirini na tano. Wapi.

Jana nikafungua daftari lenyewe, la karatasi, lile linalokaa kwenye kibanda cha bustani na penseli yake. Mwandiko wangu: "Saa 2 usiku, imeanza ghafla, radi, dakika 20 hivi." Na kwenye kompyuta nilikonakili: 02:00.

Miaka minane naishi Ujerumani, nasoma ratiba za treni na za zamu bila shida, lakini nikishika penseli nikiwa peke yangu bustanini naandika saa kama mtu wa Korogwe. Saa 2 usiku ni 20:00. Ukitoa saa mbili za majira ya kiangazi ya huku ni 18:00 kwa saa ya dunia wanayoitumia DWD. Mimi nilikuwa nimeilisha programu mvua iliyonyesha saa kumi na sita kabla ya kunyesha. Mbaya zaidi, si kila mara. Mke wangu alipoandika yeye, aliandika 20:00, maana ni mzaliwa wa huku.

Nimerudia mistari yote kwa mkono, jioni nzima, nikimuuliza "hii ni yako au yangu?" Kuna mitano hatukuweza kuamua. Nimeifuta.

Na bado kuna dakika: muda ulioandikwa kwenye faili lao la saa ni ule ambao mvua imeishia kujumlishwa, dakika ya 50 ya kila saa. Faili la 17:50 ni mvua kuanzia 16:50. Hili angalau lilikuwa limeandikwa kwenye maelezo yao, nami niliruka ukurasa.

24 Juni

Nimemsimulia baba. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza Wajerumani wanafunga siku yao ya mvua saa ngapi. Nikamwambia 05:50 saa ya dunia. Nikapiga hesabu hapo hapo: saa tatu asubuhi ya Tanzania ni 06:00 saa ya dunia. Dakika kumi tu za tofauti. Miaka yote ile, baba akiwa na kalamu sikioni pale uwanjani kwa meneja, huku nako palikuwa na mtu anamwaga maji ya jana karibu dakika ile ile.

"Si nilikwambia saa tatu," alisema, kana kwamba Wajerumani walimuuliza yeye.

9 Julai

Dhoruba. Nilikuwa bustanini, kwa bahati. Saa kumi na moja jioni (17:00, naandika mara mbili sasa) upande wa magharibi ukawa rangi ya risasi, upepo ukakatika kabisa, kisha ukaja wote kwa pamoja. Nilikimbilia kibandani. Kwa muda wa dakika kumi ilianguka mvua ya mawe, madogo kama njegere, yakirukaruka juu ya bati, halafu maji tu. Kutoka mlangoni nilikuwa nakiona kipimamvua cha plastiki kikijaa. Mstari wa maji ulikuwa unapanda kwa macho.

Ilipoisha kilisoma 19.5. Cha vikombe: 13.4, nikashtuka, hata kwa wizi ninaoufahamu hiyo ni ndogo mno. Nikafungua faneli. Mbegu za mti wa birch, vipande vyepesi kama chenga za karatasi, zimekusanyika kwenye tundu, na katikati yake buibui amejenga nyumba, mdogo, wa kijivu, ameloa lakini mzima. Maji yalikuwa bado yanapenya tone kwa tone nusu saa baada ya mvua kwisha, na kifaa kinaendelea kuandika mvua kwenye jua kali. Nimemhamisha. Nimekata kipande cha wavu wa dirisha nikakiweka juu.

Rada mbichi, bila marekebisho, bila kikomo: 31. Kwa kikomo cha 53 dBZ: 25. Baada ya marekebisho ya vituo: 22. Dhidi ya 19.5 ya shahidi, ambaye tumeshasema anaibiwa na upepo, na upepo ulikuwepo wa kutosha, tena mawe mengine niliyaona yakigonga ukingo na kuruka nje.

Mzee wa bustani ya njia ya tatu, mita kama mia nane kutoka kwangu, ana kipimamvua cha kioo cha tangu enzi za Ujerumani mbili. Nilikwenda kumuuliza. Kilisoma 11. Nilimwomba anioneshe, nikidhani kakosea mstari. Kumi na moja kweli. Tulisimama tunatazamana, mboga zake zina vumbi kwenye majani ya chini.

Hapo nikaelewa kwamba nikisema "nimekosea kwa milimita 2.5" kwenye dhoruba ya namna hii, nazungumzia kitu kidogo kuliko tofauti ya njia moja na nyingine ndani ya chama kimoja cha bustani.

4 Agosti

Hesabu ya kwanza ya kweli. Siku 22 zenye milimita 1 au zaidi kwenye kipimamvua cha plastiki, tangu Mei, saa zikiwa zimesahihishwa. Wastani wa kukosea kwa siku:

Rada mbichi: milimita 3.1.
Kituo cha Holzhausen peke yake, kama vile bustani ingekuwa pale: 2.7.
Rada iliyorekebishwa na mimi: 1.6.

Nilifurahi kwa dakika kumi na tano. Kisha nikafanya lile nililokuwa nalikwepa tangu Aprili. DWD wenyewe hutoa zao linaloitwa RW, mvua ya saa nzima ambayo tayari imerekebishwa kwa vituo, zaidi ya 1,000, vikiwemo vya majimbo ambavyo mimi sivipati. Nikapitisha siku zile zile 22.

RW: 1.4.

Miezi mitatu na nusu, chupa iliyotobolewa kwa sindano, buibui, kambale, na faili la bure lililokuwa kwenye seva ile ile folda ya pili lilikuwa linanishinda. Si kwa mbali, lakini linanishinda. Asubuhi yangu nitaisoma kutoka RW. Kazi yangu itabaki kwa zile dakika 5, kujua kama mvua imeshapita bustanini ninapofunga zamu.

10 Agosti

Baba anauliza kama rada ya Dar es Salaam, ile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, inaweza kuiona mvua ya kwao Korogwe.

Nimempigia hesabu. Korogwe hadi Dar kwa mstari ulionyooka ni kilomita 200 hivi. Hata mwali ukiinuliwa nusu nyuzi tu, ukifika Korogwe uko kilomita 4 juu. Utaona wingu kubwa la radi likisimama, hilo ndiyo. Mvua ya chini inayotoka baharini na kujikwaa kwenye milima ya Usambara, ambayo ndiyo inayolowesha watu pale, inapita chini ya mwali bila kuguswa.

"Kwa hiyo bado mnahitaji mtu wa kipimamvua," akasema.

Nikasema ndiyo baba, tena wengi, ndiyo maana ya hesabu yangu yote ya vituo.

Akasema kile chake cha shaba bado kipo, shamba walipobadilisha vifaa alikiomba akapewa. Kiko uani, mjukuu anakitumia kumwagilia maua. Nimemwomba amnyang'anye.

1 Septemba

Mjukuu amepewa ndoo. Kipimamvua cha baba kimerudi mahali pake, futi moja kutoka ardhini, kimezungushiwa waya. Kila asubuhi napata picha ya ukurasa kwenye WhatsApp: tarehe, milimita, sahihi. Anatia sahihi! Safu ya maoni ina vitu ambavyo rada haitavijua kamwe: "rasharasha kabla ya alfajiri", "mawingu, hakuna kitu", "kuku amekalia mdomo, nimemfukuza".

Nimeanza faili la pili, la Korogwe. Halina rada. Lina baba.

14 Septemba

Jana mvua ya kwanza ya maana baada ya wiki mbili. Asubuhi RW imenipa 6.3, hesabu yangu 5.1. Leo ni Jumamosi, nikaenda kuhakikisha: cha plastiki 5.8. Karibu katikati ya hizo mbili. Nikapiga picha, nikamtumia baba, nikafunga kibanda, nikapanda baiskeli.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu jibu lake lilipoingia.

"Vizuri. Huku 2.4. Umemwaga?"

Nimevaa viatu tena.